Mashini nne, wanafunzi thelathini na wawili: kwa nini tusiifunge Coupe-Couture



Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita, mmoja wetu alisimama akasema wazi: "Ile feza tunakusanya tuuze nayo ordinatere. Opsio ya kushona waifunge tu, ni ya zamani, ni ya bale benye kushindwa." Wengi walipiga makofi. Mimi nilinyamaza, na wenye kunijua wanajua kwamba kunyamaza si tabia yangu. Nilisikia haya. Mimi ni mtoto wa ile opsio. Nilirudi nyumbani nikalala vibaya, na sasa naandika kile nilipaswa kusema siku ile.

Nieleze kwanza kitu chenyewe, juu wengi wetu tulisoma Pedagojia, Komersiale ao Biokimia, na ile atelie ya nyuma tuliiona kwa dirisha tu.

Opsio yenyewe ni nini

Mtoto akimaliza mwaka wa 8, anachagua njia ya miaka minne inayobaki. Kuna opsio za jumla na kuna za ufundi. Upande wa ufundi ndiko tunakuta Coupe-Couture, Hotelerie, Lishe na nyingine zinazofanana nazo. Watu wanafikiri kule wanafunzi wanashona tu kutoka asubuhi mpaka saa sita. Si kweli. Wanasoma Kifaransa, hesabu, historia na elimu ya uraia sawa wengine. Juu yake wanasoma mambo ya nyuzi na vitambaa, mchoro, kuchora patroni, kukata, kushona na kumalizia nguo.

Tena mtihani wa Leta kwao una mlango mmoja zaidi. Wengine tunaandika disertasio, kisha tunangoja zile siku nne za maswali. Mwanafunzi wa ufundi anapita pia mbele ya jurii ya kazi ya mkono. Anapewa kitambaa, vipimo na saa. Pale huwezi kumwangalia jirani, na huwezi kubahatisha herufi A ao B. Nguo inasimama ao haisimami.

Halafu kuna somo la *Éducation à la vie*, ambalo si la opsio moja. Linahusu mwili, afya, ukimwi, kujiheshimu na kuheshimu mwenzako. Mara nyingi linafundishwa haraka haraka, mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wanakopi, kengele inalia. Nitalirudia.

Hesabu iliyo ndani ya sketi

Wenye kusema opsio ni ya watoto wasio na kichwa, naomba wafanye nami hesabu hii moja.

Dada mmoja anakuletea kikwembe kimoja. Anataka sketi pana, ya kuzunguka. Kiuno chake ni sentimeta 72. Urefu anaotaka ni sentimeta 60. Kikwembe kimoja ni yadi 2, yaani karibu sentimeta 183, na upana wake tuseme ni 115. Kitambaa kinatosha?

Sketi ya duara kamili inakatwa kama mkate wenye tundu katikati, na mzingo wa lile tundu ndio kiuno. Unagawa 72 kwa 6.28, unapata nusu-kipenyo cha sentimeta 11 na nusu. Unaongeza urefu wa 60, na 2 za kukunja chini: 73 na nusu. Kwa kuwa duara zima haliwezi kuingia katika upana wa 115, unakata nusu mbili, na kila nusu inakula sentimeta 147 za urefu. Mbili ni 294. Kikwembe kimoja hakitoshi, lazima viwili.

Lakini ukimpa sketi ya nusu-duara, unagawa 72 kwa 3.14, unapata karibu 23. Ongeza 60 na 2, inakuwa 85. Urefu unaohitajika ni mara mbili yake, 170, na upana 85. Inaingia katika kikwembe kimoja, na kipande cha pembeni kinabaki kwa mkanda wa kiuno.

Fundi asiyejua hesabu hii anakata kwanza, anashangaa baadaye. Kikwembe cha mama wa watu kimeharibika, na feza ya kukilipa hana. Mwalimu wetu wa atelie alikuwa anasema: "Makasi haina kifutio." Nilielewa duara na kipenyo siku nilipokata sketi, si siku nilipovisoma ubaoni. Na wale wavulana wa opsio ya Hesabu waliotucheka, hakuna aliyeweza kutuambia vikwembe vingapi vinahitajika.

Kuna hesabu nyingine, ya bei. Namba ni za mfano tu. Tuseme shati ya unifomu: kitambaa 9 000 franka, uzi na vifungo 1 500, makala ya fero 500. Jumla 11 000. Mzazi analipa 15 000. Mshonaji mpya anasema amepata 4 000, anazila. Lakini mashini aliinunua 300 000, na tuseme itatumika miaka 5 kwa nguo 20 kila mwezi. Hizo ni nguo 1 200, maana yake kila shati imekula 250 ya mashini. Kibanda anakodi 20 000 kwa mwezi, yaani 1 000 kwa kila nguo. Kilichobaki kwake ni 2 750. Asipojua hivyo, mashini itakufa siku moja na hatakuwa na ya pili. Ni mara ngapi tumeona mashini zilizogawiwa kwa wamama waliokimbia vita, mafunzo ya miezi michache, picha zikapigwa, na mwaka haujaisha mashini iko sokoni inauzishwa? Tunasema "hawana akili ya biashara". Kumbe walifundishwa kukanyaga mashini, hawakufundishwa kuhesabu.

Jiko si mahali pa kuonja tu

Upande wa kupika ndio tunadharau zaidi. "Kupika kila msichana anajifunza kwa mama yake." Sawa. Lakini mama anafundisha alichokipata kwa mama yake, na kuna vitu ambavyo macho hayaoni.

Chukua muhogo wetu, bila huo hakuna bukari. Muhogo mchungu una kitu kinachogeuka kuwa sumu, sianidi. Wazee walijua dawa yake: kulowesha siku tatu ao nne mpaka ulainike, kuanika, ndipo kutwanga. Mambo yanaharibika wakati wa njaa, vita ao haraka ya soko, mtu anapolowesha siku moja tu. Kule Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu, daktari Trolli aliandika tangu 1938 juu ya ugonjwa unaoitwa konzo. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haponi tena. Unawashika zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, pale ambapo watu wanakula muhogo usioloweshwa vizuri, bila samaki, bila maharagwe.

Na iko njia rahisi ya kuongeza usalama, iliyotokana na kazi ya mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na ikafundishwa kwa wamama wa Kwango. Unga unachanganywa na maji, unatandazwa mwembamba, usizidi sentimeta moja, saa 2 juani ao saa 5 kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Kisha unasonga bukari siku ileile. Haihitaji mashini wala feza, inahitaji mtu aliyefundishwa sababu yake. Hiyo ni kemia, ndugu zangu. Sombe nayo ni vilevile: tunaitwanga na kuichemsha muda mrefu kwa sababu kupondwa kwa jani ndiko kunafungua njia sumu itoke. Anayeruka kutwanga ili awahi, anajua ladha, hajui hatari.

Tuje ziwani. Ndakala wakianikwa juu ya mchanga wanapata mchanga, na mvua ikinyesha wanaoza. Wakianikwa juu ya meza ya matete ao wavu, hewa inapita juu na chini, wanakauka haraka na wanauzika vizuri. Samaki mdogo anayeliwa mzima na mifupa yake anampa mtoto kalsiamu. Mawese mekundu yana vitamini A, lakini ukiyachoma mpaka yawe meupe, umeiua ile vitamini na kubakiza mafuta tu. Ni wangapi kati yetu, wenye diploma ukutani, tulijua hivyo?

Na maji. Kalemie ni mmoja wa miji ambako kolera inarudi mwaka kwa mwaka. Kila familia hapa ina hadithi yake. Kuchemsha maji, kutia klori kwa kipimo, kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kufunika sufuria: ndiyo *Éducation à la vie* yenyewe. Mahali pake ni kando ya mbabula, maji yakichemka mbele ya wanafunzi. Ukilifundisha kwa kukopi, mtoto anakumbuka tarehe ya mtihani. Ukilifundisha kwa mikono, anarudi nalo nyumbani jioni ileile.

Ile dharau ilitoka wapi

Lazima tuseme ukweli: dharau ina mizizi. Mapadri Weupe walifika Mpala mwaka 1885, na mwaka 1893 wakaanzisha Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu kule Moba. Masista walipowafuata, wasichana walifundishwa sala, kusoma kidogo, kushona na usafi wa nyumba. Baadaye, katika miji ya Kongo ya Wabelgiji na hata Usumbura ng'ambo ya ziwa, zilifunguliwa *foyers sociaux*, nyumba za kuwafundisha wake wa makarani kupika, kushona na kulea. Mwanaume alisomea kazi ya ofisi, mwanamke alisomea kuwa mke wa mwenye ofisi. Matokeo tunayajua: mwaka 1960 tulipata uhuru bila mwanamke hata mmoja wa Kongo mwenye diploma ya chuo kikuu. Wa kwanza, Sophie Kanza, aliipata Geneva mwaka 1964, na 1966 akawa waziri.

Kwa hiyo ninapomsikia mama anasema "binti yangu haendi kushona, anaenda kusoma", ninamwelewa. Anakimbia ule mlango mdogo waliopitishwa bibi zake.

Ng'ambo ya pili, upande wa Kigoma, walijaribu njia nyingine. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika *Elimu ya Kujitegemea*: shule isimfanye mtoto adharau jembe, kazi ya mikono iwe ya wote, wavulana na wasichana. Si kila kitu kilifaulu. Shule nyingine kazi ikageuka adhabu ya kulima shamba la mwalimu. Lakini swali lake bado liko mezani: mtoto anayemaliza masomo na kukosa kazi ya ofisi, anabaki na nini mikononi?

Sisi hapa tulikuwa na jibu moja kubwa. Wazee wetu wanakumbuka Filtisaf, kiwanda cha vitambaa, pamba inaingia, nguo inatoka. Leo kiko kimya, na vikwembe tunavyovaa vinatoka mbali. Kiwanda kimekufa, lakini watu bado wanavaa. Kila Septemba watoto wa mji huu wanahitaji shati nyeupe na suruali ao sketi ya bluu. Nani anazishona?

Angalieni sokoni: wengi waliokaa nyuma ya mashini ni wanaume. Nani anapika kwenye mashua kubwa za ziwa na katika hoteli? Wanaume wengi. Kumbe kushona na kupika ni "kazi ya wanawake" pale tu ambapo hailipwi. Ikianza kulipwa, wanaume wamefika.

Kinachoua opsio yetu

Sasa niseme la nyumbani. Darasani kwetu tulikuwa 32, mashini nne, na mbili ndizo zilizotembea. Kazi ya mkono ilikuwa saa nne kwa juma. Fanya hesabu: saa nne kwa mashini mbili ni dakika 480, gawa kwa 32, kila mmoja dakika 15. Kwa majuma 30 ya masomo ni saa saba na nusu, kwa mwaka mzima. Tulikata patroni kwa magazeti ya zamani, tukashona hewani.

Siku ya jurii nilipewa blauzi yenye kola. Kukata nilijua. Nilipokaa mashinini uzi ukakatika. Nikatunga tena, ukakatika. Mara ya nne machozi yalianza. Mama mmoja wa jurii alipita nyuma yangu akainama kama anaangalia kitambaa, akasema polepole: "Mwanangu, legeza uzi wa juu." Sikujua kama uzi wa juu unalegezwa. Miaka minne! Nilipita, lakini kwa asilimia ambazo sitaziandika hapa.

Baba alikuwa hana tena kazi. Nilipoingia chuo kikuu kusoma jestio, yaya yangu aliniazima mashini ya mkono. Kila Agosti na Septemba nilishona unifomu za kartie yetu usiku, na hizo ndizo zililipa masomo yangu mpaka mwisho. Wenzangu wa chuo niliwaambia ni mashini ya shangazi. Mnaniita leo "Madame Jestionere", na ni kweli, lakini diploma hiyo ilishonwa, sentimeta kwa sentimeta. Niliificha miaka mingi, mpaka mkutano ule wa makofi.

Ninachopendekeza

Sipingi ordinatere. Hata mwenye kushona anaihitaji, kwa kuchora, kwa kuandika hesabu zake, kwa kuonyesha nguo kwenye simu. Ninapinga kufunga. Kwa ile feza tuliyonayo, naomba tuanze hivi:

Kwanza, tutengeneze kabla ya kununua. Mashini mbili zilizokufa zinaweza kuwa zinakosa mkanda, sindano, mafuta na fundi wa siku moja. Zikitembea zote nne, kila mwanafunzi anatoka saa saba na nusu kwa mwaka mpaka saa kumi na tano, bila kununua mashini hata moja.

Pili, tumwombe fundi mmoja wa soko aje mara moja kwa juma, tumlipe kidogo. Mwalimu anajua patroni, fundi anajua uzi unaokatika. Wote wawili wanahitajika.

Tatu, atelie ishone unifomu za masomo yetu yenyewe. Wanafunzi watajifunza kupima mwili wa kweli na kuhesabu bei ya kweli, na faida itanunua uzi wa mwaka unaofuata. Lakini iandikwe kwenye daftari lililo wazi, na kazi isizidi saa za masomo. Tusiwageuze watoto kuwa wafanyakazi wa bure.

Nne, opsio zote, wavulana na wasichana, wapate alasiri moja kwa juma ya jiko, sindano na maji safi. Mvulana ajue kushona kifungo chake na kulowesha muhogo. Hatakuwa mwanamke, atakuwa mtu mzima.

Tano, na hili halina feza: tuache kusema "mumupeleke kwa kushona, hana kichwa". Mwalimu akituma kule kila aliyeshindwa, opsio itakuwa ya walioshindwa, kisha tutasema tuliona mbali.

Mkutano ujao nitasimama na kusema haya kwa mdomo. Nitakuja nimevaa blauzi yenye kola niliyoishona mwenyewe. Uzi wa juu nimelegeza.